Nimpeleke mwanangu kwa daktari gani? Naomba ushauri wa wazazi wenzangu

Mama wa Fuoni

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Mimi ni mzaliwa wa Wete, Pemba, na tangu mwaka jana tumehamia Fuoni, Unguja, kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Tuna watoto wawili. Wa kiume ametimiza miaka mitatu, na wa kike bado hajafikisha miezi miwili. Ninaomba ushauri wa namna ya kumchagua daktari wa kuwatazama watoto hawa, kwa sababu tangu tuhamie nimekuwa nikihangaika huku na huku bila ya kuridhika.

Huyu wa kiume kifua humbana mara kwa mara, hasa mvua zinapoanza na kila anapopata mafua. Usiku hukohoa sana, na anapotoa pumzi husikika mluzi. Tulipokuwa Wete alikuwapo tabibu wa kituo cha afya aliyemjua tangu kuzaliwa, ambaye alikuwa akiifungua kadi yake kabla ya kuniuliza lolote, na alikumbuka dawa ipi ilimsaidia na ipi ilimtapisha. Hapa kila ninapokwenda ninakutana na mtu mwengine, na kila mmoja anaanza upya. Dispensari iliyo karibu na nyumbani humpiga sindano kila tukifika, na nikiuliza ni sindano ya nini huambiwa kuwa ni ya kifua. Mahali pengine tulipewa chupa tatu za dawa ya maji, moja ikiwa ni ileile ambayo mtoto alikuwa ameimaliza wiki iliyotangulia.

Majirani wananiambia niachane na hawa wote nimpeleke moja kwa moja kwa daktari bingwa wa watoto, hata kama ni mafua tu, na wengine wanasema nitazame foleni, kwani penye watu wengi ndipo penye daktari mzuri. Mume wangu anaona kuwa daktari ni daktari, na kwamba kinachotakiwa ni ukaribu wa mahali. Mimi nashindwa kukata shauri. Je, ni kweli kwamba mtoto anatakiwa kuonwa na bingwa kwa kila maradhi? Nitazame nini hasa ninapokuwa mbele ya daktari ili nijue kwamba nimefika kwa mtu anayefaa? Na je, ni utovu wa adabu kumuuliza daktari kwa nini anatoa dawa hii na si nyengine? Nitashukuru kwa majibu ya wenye uzoefu, hasa wenye watoto wanaosumbuliwa na kifua.

Muuguzi wa Watoto, Mwanakwerekwe

Wa alaykumu ssalaam dada yangu. Nimefanya kazi katika wodi na kliniki za watoto kwa miaka mingi, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyaona kazini.

Anayekupokea katika kituo cha afya mara nyingi ni tabibu, yaani aliyesomea tiba kwa ngazi iliyo chini ya udaktari, au muuguzi, katika hospitali utamkuta daktari, na daktari bingwa wa watoto ni yule ambaye baada ya kumaliza shahada ya udaktari na kufanya kazi alirudi chuoni kwa miaka mitatu kusomea maradhi ya watoto peke yake. Kila mmoja ana mahali pake. Mafua, kuharisha kwa kawaida, upele na homa ya siku moja kwa mtoto anayecheza na kunywa vizuri ni mambo ambayo tabibu makini anayamaliza, na huna sababu ya kumpandisha mtoto daladala mpaka hospitali ya Mnazi Mmoja na kumkalisha kwenye foleni pamoja na wenye maradhi makubwa kuliko lake. Mabingwa wa watoto hapa kwetu ni wachache. Ukimfanya bingwa kuwa mlango wako wa kwanza kwa kila jambo, atamwona mwanao kwa dakika chache mwishoni mwa siku ndefu, na siku utakayomuhitaji kweli atakuwa hamkumbuki. Foleni nayo haikuelezi sana, kwa sababu watu hujaa mahali kwa bei, kwa ukaribu wa kituo cha gari, au kwa kuwa dawa hutolewa upesi bila ya maswali.

Kwa hiyo mimi ningekushauri uwe na watu wawili. Mmoja awe wa karibu, utakayempelekea watoto wote wawili kwa mambo ya kila siku, na usimbadilishe ovyo. Wa pili awe bingwa atakayemtazama huyu wa kiume kwa kifua chake, kwa miadi, wakati mtoto ni mzima, kwani mtoto aliyebanwa na kifua hutibiwa haraka ili apumue na hakuna anayepata nafasi ya kukaa na mama yake na kuuliza historia yote.

Huyo wa karibu utamjua kwa kazi ya mikono na macho yake. Atampima uzito kabla ya kuandika dawa, kwa sababu dawa za watoto hukadiriwa kwa kilo. Panadoli peke yake ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya uzito kwa kila dozi, na mtoto wa kilo 9 na wa kilo 15 hawawezi kupewa kijiko kimoja hata kama wana umri mmoja. Kwa mtoto anayekohoa, atamfunua nguo mpaka kifua kionekane, atatazama kama mbavu za chini zinaingia ndani anapovuta pumzi, na atahesabu pumzi kwa dakika nzima mtoto akiwa ametulia. Hesabu hiyo ina maana kubwa. Kwa mtoto mchanga ambaye hajafikisha miezi miwili, kama huyo wako wa kike, pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya kutimiza mwaka ni 50 au zaidi. Na kuanzia mwaka mmoja hadi mitano ni 40 au zaidi. Mtu anayeandika dawa ya nimonia bila ya kuhesabu pumzi wala kuweka kipimo kifuani anabahatisha, awe na cheo gani.

Kwa homa, atataka kipimo cha malaria kabla ya kutoa dawa ya malaria. Hapa Zanzibar malaria imepungua sana tangu dawa mseto ilipoanza kutumika mwaka 2003, vikafuata vyandarua na upigaji wa dawa majumbani, na homa nyingi za watoto siku hizi zina sababu nyengine. Ndiyo maana daktari makini atakuuliza kama mmesafiri Bara hivi karibuni au kama mmepata mgeni kutoka huko. Ukisikia swali hilo, ujue kwamba uko mbele ya mtu anayefikiri.

Sasa nije kwenye kifua cha mwanao, maana hapa ndipo ninapoumia ninapowaona watoto wanateseka bila ya sababu. Watoto wengi wa chini ya miaka mitano hutoa mluzi wanapopata mafua, kwa sababu mirija yao ya hewa ni myembamba, na wengi huacha wakikua. Wengine wana pumu. Kuwatenganisha si kazi ya siku moja, na ndiyo maana daktari anayemwona mara kwa mara ana thamani kubwa kuliko anayemwona mara moja. Sindano ya kuua bakteria haifungui mirija iliyobanwa, na mafua yenyewe husababishwa na virusi ambavyo dawa hizo haziviui. Kinachofungua ni dawa ya kuvuta, ile tunayoiita pampu, nayo kwa mtoto mdogo hupewa kupitia chombo cha kati kinachohifadhi dawa mpaka aivute polepole. Chombo hicho kikikosekana, wahudumu waliofunzwa hukitengeneza kwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa ukubwa wa mdomo wa pampu. Wazazi wengi huiogopa pampu wakidhani kuwa mtoto ataizoea asiweze kuiacha. Daktari wa kumchagua ni yule atakayekaa na wewe kuiondoa khofu hiyo, akuoneshe namna ya kuitumia, kisha akutake umuoneshe wewe.

Tena atakuuliza habari za nyumbani. Mnapikia nini, nani anavuta sigara, mnachoma dawa ya mbu usiku, na, kwa sisi watu wa visiwani, mnafukiza udi na ubani chumba anacholala mtoto? Najua kwamba kuna mtoto mchanga ndani na mafukizo ya uzazi ni ada yetu, lakini moshi wa aina yoyote humbana mtoto mwenye kifua kama hicho, na daktari asiyeuliza habari ya moshi ameacha nusu ya kazi.

Kuuliza si utovu wa adabu hata kidogo. Uliza dawa inaitwaje, inatibu nini, inatolewa kwa muda gani, na dalili gani zikitokea urudi. Asiyetaka kujibu maswali hayo manne humuhitaji.

Baba wa Chake Chake

Nimesoma maneno ya dada muuguzi na nakubaliana naye kwa mengi, ila nataka kuongeza jambo kwa upande wa mtoto mwenye maradhi ya kudumu, maana hapo mpangilio hugeuka.

Binti yetu ana selimundu, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Alipokuwa chini ya mwaka alivimba vidole vya mikono na miguu, akawa analia akiguswa, na mahali pa mwanzo tulipompeleka tuliambiwa kuwa ameanguka au ameshikwa vibaya. Tabibu mmoja kijana huku kwetu Pemba, ambaye hakuwa na jina kubwa wala chumba chenye kiyoyozi, alivitazama vidole, akauliza kama katika ukoo wetu kuna watoto waliofariki wadogo au wanaoumwa na viungo mara kwa mara, akatazama weupe wa macho, kisha akatuambia waziwazi: «Ninashuku jambo ambalo siwezi kulithibitisha hapa, na sitaki mpoteze muda kwangu.» Akaandika barua ya kurasa mbili. Tukapanda boti Mkoani tukaenda Mnazi Mmoja, na huko ndiko ugonjwa ulikothibitishwa kwa kipimo cha damu na mpango wa matibabu ulikopangwa.

Ninalieleza jambo hili kwa sababu watu wengi humpima daktari kwa wingi wa dawa anazotoa, na mimi ninampima kwa namna anavyoujua mpaka wake. Tabibu yule hakutibu chochote siku ile zaidi ya maumivu, lakini ndiye aliyemwokoa mtoto. Kwa selimundu kuchelewa kuna hatari kubwa. Mtoto anatakiwa kumeza penisilini kila siku asubuhi na jioni mpaka afikishe miaka mitano ili kumkinga na maambukizi, apate chanjo zote pamoja na ile ya nimonia, ameze foliki asidi, na wengi siku hizi hupewa haidroksiyurea ambayo hupunguza mashambulizi ya maumivu. Homa kwake haisubiri mpaka asubuhi. Mambo haya bingwa ndiye aliyeyapanga, na ninaona kuwa kwa mtoto wa namna hii bingwa aje kwanza kupanga, kisha wa karibu afuatilie.

Lakini bingwa yuko ng'ambo ya bahari, na mtoto huugua usiku wa manane Chake Chake. Kwa hiyo tulichokifanya ni kununua daftari gumu la skuli na kumuomba kila anayemtibu aandike humo kwa mkono wake: tarehe, uzito, kiwango cha damu, ukubwa wa bandama, dawa na kipimo chake. Wapo waliokataa kuandika, wakasema kwamba wao wana faili lao. Hao hatukurudi kwao. Siku bahari ilipochafuka na safari za boti zikasimama, daktari wa zamu hapa kisiwani alilisoma daftari, akaelewa kila kitu na kuanza matibabu bila ya kubahatisha. Nawe dada, mwandikie au mpigie simu tabibu wenu wa Wete, muombe aandike kwa ufupi yale anayoyajua juu ya mtoto, apewe mtu anayesafiri akuletee. Miaka yote ile aliyomtazama isipotee kwa sababu mmehama.

Juu ya madaktari wageni, kwa kuwa huenda ukakutana nao, kuna wazazi wanaowakimbia na kuna wanaowatafuta wao tu. Madaktari kutoka China wamekuwa wakija Zanzibar tangu 1964, na timu zao hufanya kazi Mnazi Mmoja na vilevile hospitali ya Abdalla Mzee hapa Pemba. Nimekuta miongoni mwao watu wenye ujuzi mkubwa na subira. Matatizo ya mzazi ni mawili tu, lugha na zamu, kwani huja na kuondoka. La lugha humalizwa kwa kumuomba muuguzi akae nanyi chumbani asitoke mpaka uelewe kila ulichoambiwa, na la zamu humalizwa na lile daftari.

Bibi wa Jang'ombe

Mwanangu Mama wa Fuoni, nimelea watoto na wajukuu hapahapa mjini, na nataka nikwambie jambo moja ambalo hawa wenzangu wasomi hawakuligusa.

Chagua daktari ambaye unaweza kumwambia kweli. Sisi wazee tukimwona mtoto anakohoa hatutulii. Huyu atasema ni kimeo kikatwe, yule ataleta mizizi ichemshwe, mwengine atakwenda kuandikiwa kombe, ile dua inayoandikwa ikaoshwa kwa maji mtoto akanywa, na mama wa watu huku anakwenda hospitali akiwa ameyaficha yote kwa khofu ya kukemewa. Nimewaona madaktari wanaowapigia kelele akina mama mbele ya watu mpaka mama anatoka analia, na safari ya pili harudi ila mtoto akiwa taabani. Na nimemwona mwanamke mmoja, daktari, ambaye huuliza kwa upole kabisa: «Nyumbani bibi amempa nini?» Wote tunamjibu. Akiambiwa kuwa ni kombe, husema hilo ni la dua, lakini huyu mchanga ambaye hajafika miezi sita anyonye tu asipewe maji ya aina yoyote. Akiambiwa kuwa ni mizizi, huuliza ni ipi, na huieleza khatari yake. Na akiambiwa kuwa kuna anayetaka kukata kimeo, hapo hukataa kwa ukali, kwa sababu mtoto anaweza kutoka damu asisimame na kidonda kikaingia maradhi, na kikohozi kikabaki palepale. Tunamsikiliza kwa kuwa na yeye ametusikiliza.

Mtazame pia anavyomshika mtoto. Anayemwita kwa jina, akapasha joto mikono na kile chuma cha kifuani kabla ya kumgusa, akamwacha apakatwe na mama yake wakati anamtazama masikio na koo, huyo anajua kuwa mtoto anayelia hatazamiki vizuri.

Mama wa Fuoni

Nawashukuru sana nyote, na Bibi nakushika mkono kwa heshima, kwa sababu habari ya kuficha umeisema kana kwamba ulikuwa nyumbani kwetu. Nitampigia simu tabibu wa Wete leo hii, na habari ya udi nimeshazungumza na mama mkwe wangu, naye amekubali mafukizo yawe ya nguo peke yake, nje, watoto wakiwa mbali.

Nimebaki na mambo mawili. La kwanza, nitajuaje kwamba mtu aliyevaa koti jeupe katika dispensari ya binafsi ni daktari kweli, na je, bima ya mume wangu, ambaye ni mtumishi wa serikali, iniongoze katika kuchagua? La pili ni usiku. Huyo daktari nitakayemchagua hatakuwapo saa nane za usiku, na huyu mchanga ndiye anayenitia khofu zaidi, kwa kuwa hawezi kusema anapoumwa.

Muuguzi wa Watoto, Mwanakwerekwe

Dada yangu, nitaanza na la usiku kwa sababu ndilo zito.

Zipo hali ambazo hakuna kuchagua, na mzazi anatakiwa azijue kabla hazijafika. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila anachopewa, aliyepata degedege, au aliyelegea na hazinduki vizuri, huyo apelekwe hospitali iliyo karibu yenye daktari wa zamu saa hiyohiyo, awe ni nani aliye zamu. Ongeza hapo mbavu zinazoingia ndani, midomo inayogeuka rangi, na mluzi usiotulia baada ya dawa ya kuvuta. Anayepata degedege alazwe ubavu, asitiwe kitu chochote mdomoni, wala kijiko wala kidole, kisha achukuliwe. Nimeona watoto wakichelewa kwa sababu wazazi walikuwa wanampigia simu daktari wao wanayemuamini na simu haipokelewi. Uaminifu wa namna hiyo una khatari.

Kwa mchanga wako kanuni ni kali zaidi. Katika umri wa chini ya miezi miwili, homa ya nyuzi 38 au zaidi, mwili kuwa wa baridi usiopata joto hata akipakatwa, kukataa ziwa, pumzi za haraka, kitovu kuwa chekundu au kutoa usaha, na umanjano uliofika viganjani au nyayoni, hayo yote ni ya hospitali, si ya duka la dawa na si ya kusubiri kituo cha afya kifunguliwe. Umanjano unaoonekana ndani ya saa 24 za mwanzo baada ya kuzaliwa huhesabiwa kuwa wa hatari hata ukiwa mdogo, na ninakutajia hilo kwa ajili ya wasomaji wengine wenye watoto wachanga zaidi. Nunua kipimajoto, kwani mkono wa mama kwenye paji la uso husaidia lakini haukupi namba ya kumwambia daktari. Na mchana wa siku yoyote mtoto akiwa mzima, nenda mwenyewe mpaka hospitali mliyo karibu nayo, ujue mlango wa watoto unaotumika usiku uko wapi.

Kuhusu usajili, afya si jambo la Muungano, hivyo Zanzibar ina baraza lake la kuwasajili madaktari na utaratibu wake wa kuzisajili hospitali na dispensari za binafsi. Leseni ya mahali hutakiwa kuwapo, nawe ukiomba kuiona hujafanya kosa. Muulize anayekutibu kwa adabu: «Samahani, wewe ni tabibu au daktari, na umesomea watoto?» Tabibu wa kweli atakwambia kuwa yeye ni tabibu bila ya kuona haya, kwa sababu ni kazi ya heshima yenye mafunzo yake. Anayekasirika, au anayeitwa daktari na kila mtu lakini hawezi kusema amesomea wapi, muache.

Juu ya bima, uliza katika Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar ni vituo gani vinavyomhudumia mume wako na wategemezi wake, kisha utafute mtu wako ndani ya orodha hiyo kwanza, kwa kuwa daktari mzuri unayemlipa kutoka mfukoni kila mwezi utamuacha siku pesa zikipungua, na utarudi kulekule kwa kuanza upya. Lakini ikiwa ndani ya orodha hukumpata anayempima mtoto uzito na kuandika, bora umtafute kituo cha afya cha serikali cha hapo mtaani kwenu. Wengine huvidharau vituo hivyo kwa kuwa ndiko wanakochanjisha tu. Mimi naona kinyume chake. Mchanga wako atakwenda huko akifikisha wiki 6, kisha 10, kisha 14, atarudi miezi 9 na miezi 18 kwa chanjo ya surua na rubela, na kila safari atapimwa uzito na kadi kujazwa. Hao ndio watu watakaomwona akiwa mzima, na anayemjua mtoto akiwa mzima hutambua upesi anapobadilika. Tumia safari hizo kumtazama nani miongoni mwao anafanya kazi kwa makini, uliza siku zake za zamu, na umpeleke na kaka mtu kwa huyohuyo.

Baba wa Chake Chake

Naongeza moja fupi kwa dada. Mkishampata huyo bingwa wa kifua, muombe kabla hamjaondoka akuandikieni kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, mtoto afanyiwe nini akianza kukohoa, afanyiwe nini kifua kikibana, na afikie hali gani ndipo mkimbie hospitali. Sisi karatasi yetu imebandikwa ukutani jikoni, kwa sababu mara nyingi si mama wala baba aliye nyumbani mtoto anapozidiwa. Anakuwapo shangazi, au dada wa kazi, au mtoto mkubwa aliyerudi madrasa, na yeye ndiye anayetakiwa kujua la kufanya.